Aliyetembea Mbele ya Gari Langu

Jumamosi, 7 Machi

Mvua imeanza. Kufika saa nne asubuhi kundi zima lilikuwa limenijazia ujumbe kwenye simu: tunatoka lini, tunatoka lini. Watu wazima wenye kazi na watoto, wakisikia matone mawili juu ya bati wanapagawa. Na mimi ni mmoja wao, sijitoi. Wengine wanasubiri kiangazi wasafiri, sisi tunasubiri matope tukakwame kwa makusudi.

Kwenye kundi wananiita Mwalimu, kwa sababu nafundisha udereva, na nusu yao nimewaonyesha mimi jinsi ya kushuka mteremko wenye utelezi bila kugusa breki. Mume wangu wanamwita Macho. Yeye ni fundi wa miwani. Dukani anawapimia watu macho, porini ananipimia njia. Tukifika mahali pabaya anashuka, anatembea kinyumenyume mbele ya gari akinitazama, na kwa mikono ananiambia kila tairi likanyage wapi. Kidole kimoja ni nusu tairi. Ngumi ni simama. Gari langu ni kama lilivyotoka kiwandani, halijainuliwa wala kuongezwa kitu, na miaka yote hii limepita palipoyashinda magari ya kifahari kwa sababu lina watu wawili. Hakuna mahali ninapompenda mume wangu kama pale, suruali imekunjwa, matope hadi magotini, ananitazama mimi tu.

Leo kaingia uani na gari jingine. La kwake. Kumbe lilikuwa gereji muda wote linainuliwa, linafungwa matairi ya matope, winchi ya kujivutia kwa waya mbele, loki ya difu ya kuyalazimisha matairi yazunguke pamoja, taa juu kama uwanja wa mpira.

"Sapraizi!" akasema. "Nilitaka ushtuke."

"Nimeshtuka," nikamwambia.

Binti yetu alilizunguka mara mbili. "Baba, humu unapandaje? Kwa ngazi?"

Jumapili, 8 Machi

Ameosha gari. Halijawahi kukanyaga tope, lakini ameliosha.

Jumamosi, 14 Machi

Safari ya kwanza ya msimu. Asubuhi aliniomba beleshi. "Langu halijafika, na wewe hutalihitaji, niko mbele yako." Nikampa.

Tulikuwa magari matano, la kwake la nne, langu la mwisho. Tulipofika kwenye mtaro ule unaokata njia nilisimama, nikaweka gia ya kwanza nzito, nikasubiri. Nilikuwa nasubiri mume wangu ashuke. Mikono iko kwenye usukani, macho yako mbele, kama miaka yote. Yeye alikuwa ameshavuka zamani. Nilikiona kisogo chake juu huko, kimeinuka kama cha mtu aliyekaa jukwaani.

Redio ikalia. Ilikuwa sauti ya Mfamasia, mwenyekiti wetu. "Mwalimu, vipi, umelala?"

Nilishuka nikaukagua mtaro mwenyewe, nikarudi, nikapita. Nilipita vizuri. Lakini nilipita kwa kubahatisha, na nilichukia kila inchi ya pale.

Tulipomaliza tulikunywa chai kwenye kituo cha mafuta, na kama kawaida ubishi ukaanza: dereva au gari? Baba Pacha, ambaye hawezi kukaa kimya hata akiwa na mkate mdomoni, alisema gari. Mfamasia akasema gari. Mimi nikasema, "Gari limevaa suti, dereva yuko uchi." Walicheka hadi chai ikamwagika. Mume wangu naye alicheka, ila alichelewa kidogo.

Jumatano, 18 Machi

Mwanafunzi mpya, mama mtu mzima, ananiuliza gari gani ni rahisi kuendesha. Nikamwambia la mwenzako.

Jumamosi, 21 Machi

Leo Mfamasia alikwama kwenye dimbwi ambalo mama yule wa Jumatano angelipita akiimba. Ana kila kitu, loki mbele na nyuma, matairi yenye meno kama msumeno, lakini dawa yake ni moja: kukanyaga mafuta. Matairi yakazunguka, yakachimba, gari likakaa chini kama mtu aliyechoka na dunia. Nilimwendea dirishani nikamwambia atoe mguu, arudi nyuma kidogo kwenye alama zake, kisha aende taratibu. Akatoka.

"Winchi ingenitoa tu," akasema.

Mume wangu alikuwa ameinama akilipiga picha gari lake mwenyewe lilivyochafuka.

Kamba yangu ya kuvutia imehamia kwake. "Utakwama nyuma yangu, mimi ndiye nitakuvuta. Sasa kamba ikae kwa nani?" Ana hoja, siwezi kukataa. Jeki ndefu nayo imeifuata kamba.

Jumanne, 24 Machi

Mvua kutwa. Madarasa yote ya barabarani yameahirishwa.

Jumamosi, 28 Machi

Naandika kabla hata sijavua viatu.

Matairi makubwa yanachimba. Hili nalifahamu na nimelisema mpaka nimechoka: gari moja refu likipita kwenye udongo laini linaacha mifereji miwili, la pili linaizamisha, la tatu linaimalizia. Mimi ni wa tano. Nikifika, njia haipo, kuna mifereji miwili mirefu na tuta katikati, na tumbo la gari langu liko chini. Nilijaribu kupanda juu ya tuta, tairi moja ukingoni, jingine katikati. Ni jambo linalowezekana ukiwa na mtu mbele. Mimi sina mtu mbele. Tairi la kushoto likateleza, tumbo likakaa juu ya tuta, na matairi yote manne yakabaki yanapepea kama miguu ya kobe aliyepinduliwa.

Hapa niseme ukweli japo unaniuma: pale ustadi ulikwisha. Nimefundisha watu udereva zaidi ya nusu ya umri wangu na sijui mbinu yoyote ya kuendesha gari ambalo matairi yake hayagusi chini. Wabishi wa chai walikuwa na haki yao, angalau kwa leo.

Mume wangu alirudi kinyumenyume, akafunga kamba, akanivuta. Kamba yangu mwenyewe! Wenzetu wakapiga makofi. Kisha akaja dirishani, matope hayajamgusa hata kidogo, akaniwekea mkono begani kwa upole kabisa.

"Si kosa lako, mke wangu. Ni gari yako tu."

Angenitukana ningepona haraka zaidi.

Alhamisi, 2 Aprili

Kwenye ujumbe wa kundi hawamwiti tena Macho. Sasa ni Kifaru. Jina lilikuwa la gari, limehamia kwa mtu, naye anaitika.

Jumapili, 5 Aprili

Tumegombana jikoni. Nilikuwa naosha vyombo, yeye amekaa mezani anafuta lenzi za taa zake kwa kile kitambaa laini cha dukani, kitambaa ambacho mimi nikikigusa huwa ananifokea kwamba ni cha miwani tu.

Nilimwambia, "Safari ijayo panda na mimi. Mara moja tu. Njia imeharibika, siwezi kupita bila wewe."

Akaendelea kufuta. Kisha akasema bila kuniangalia, "Nimechoka kutembea."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Mimi nimekula matope miaka yote hiyo ili watu waseme Mwalimu kapita. Mwalimu fundi, Mwalimu mkali. Kuna siku umesikia mtu anasema Macho kapita?"

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafurahi sana."

Nilifunga bomba. Nilikuwa nimemwona kila mara, uso kwa uso, mita chache mbele ya bampa, mtu ninayejua hata akikunja kope kidogo ana maana gani. Na hilo sikuliona. Kwa dakika moja nilimhurumia kweli. Nikamwuliza, kwa sauti ya chini, "Na mimi sasa nani ataniongoza?"

"Inua gari," akasema. "Ukiinua gari huhitaji mtu."

Huruma ikaniisha.

Jumatano, 8 Aprili

Yeye yuko dukani, mimi sina darasa. Nimepanda ndani ya Kifaru, peke yangu, uani. Nilitaka kujua anachokiona.

Haoni kitu. Boneti imepanda juu, imeficha ardhi yote ya mbele. Nilimwita binti yetu asimame mbele ya bampa, nikaona nywele zake tu. Mtu aliyekaa humu anaona mbingu na miti. Tairi lake la mbele haliwezi kumwambia liko wapi. Gari hili lina nguvu za kila aina, lakini linahitaji mtu wa mbele kuliko hata langu.

"Mama, unatafuta nini humo?" binti yetu akauliza.

"Baba yako," nikamwambia. Akadhani ni utani.

Jumamosi, 11 Aprili

Sikwenda. Nilisema kichwa kinaniuma. Kilikuwa kinaniuma kweli.

Jumamosi, 18 Aprili

Nilikwenda, nikavutwa mara mbili. Redio yangu ya mkononi nayo imehamia kwa Kifaru, ya kwake imeingia maji. Kwa hiyo leo nilikuwa wa mwisho, bila beleshi, bila kamba, bila jeki, bila redio. Sheria ya kundi ni kwamba kila dereva anamwangalia aliye nyuma yake; asipomwona anasimama. Aliye mbele yangu ni mume wangu. Alisimama kila mara, sitamsingizia. Ila alikuwa anasimama kama mtu anayemsubiri mtoto afunge kamba za viatu.

Jumamosi, 25 Aprili

Mvua kubwa, hakuna safari, badala yake mkutano. Tulikutana chumba cha nyuma cha duka la Mfamasia, katikati ya maboksi ya dawa, kila mtu amekalia kreti. Ajenda ilikuwa moja: safari ya kufunga msimu, kupanda Mgongo. Tunaita Mgongo ule mlima mrefu wa udongo mwekundu wenye korongo upande mmoja. Mimi nimeupanda mara kadhaa, na gari langu, na mtu wangu mbele.

Mfamasia alikohoa kikohozi cha wenyeviti. "Ndugu zangu, kwa ajili ya usalama, napendekeza mwaka huu Mgongo yapande magari yaliyoinuliwa na yenye winchi peke yake. Wengine wanakaribishwa sana kama abiria."

Wengine! Nilikuwa mimi tu.

"Mwenyekiti," nikasema, "usiseme wengine. Sema Mwalimu, nimekaa hapa hapa."

Baba Pacha alijichekesha. "Mwalimu, usichukie. Tunakupenda. Lakini kukuvuta kutwa nzima, shemeji yangu, tutafika lini?"

"Njia mmeichimba nyinyi."

"Basi ndiyo hivyo imeshachimbika," akasema.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mikono mitatu ikapanda. Wa nne ulikawia kidogo, kisha nao ukapanda. Naujua mkono ule kuliko wangu. Najua kovu la kidole gumba alilolipata kwa kisu cha kukatia fremu. Miaka yote umeniambia kulia, kushoto, njoo, simama, na sijawahi kuukaidi. Leo umeniambia nikae nyumbani.

Jumapili, 26 Aprili

Anasema alifanya hivyo kwa kunijali.

Jumatano, 6 Mei

Mama yule mtu mzima amefaulu mtihani wa barabarani. Alinikumbatia akalia. Mimi pia nililia, na akadhani ni kwa ajili yake.

Jumamosi, 9 Mei

Mvua. Binti yetu anasema, "Mama, si uende tu kama abiria? Utaangalia mandhari." Amesema kwa nia njema. Nitakwenda. Nataka kuona kama baba yake ana lolote la kuniambia tukiwa wawili ndani ya gari moja.

Jumapili, 17 Mei

Jana sikuweza kuandika.

Tulifika chini ya Mgongo mvua ikiwa imekatika, udongo unang'aa kama umepakwa sabuni. Kifaru liliwekwa nyuma kabisa, kwa heshima, kwa kuwa gari lenye nguvu ndilo hufunga msafara. Nilikaa kiti cha abiria. Njiani hatukuzungumza la maana, alinieleza habari za shinikizo la hewa kwenye matairi, mimi ambaye ndiye niliyemfundisha.

Wenzetu walipanda mmoja mmoja. Mfamasia alijivuta kwa winchi. Baba Pacha alipanda kwa kelele. Wote wakapotelea juu. Ikaja zamu yetu.

Katikati ya mlima kuna mahali njia inalala upande, mwamba kulia, korongo kushoto. Aliingia pale kwa kasi. Gari likateleza, mkia ukaanza kwenda kushoto, polepole, bila haraka yoyote. Akakanyaga breki. Injini ikazima. Nilipochungulia dirisha langu sikuona njia, niliona vilele vya vichaka vya huko chini.

Mikono yake iliganda kwenye usukani. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu binti yetu alipolazwa akiwa mchanga.

"Mke wangu, sioni. Tairi la mbele sioni liko wapi."

Upande wangu ulikuwa wa korongo. Nilipita juu yake, nikashukia mlango wake, nikaenda mbele. Matope yakaingia viatuni hadi kwenye soksi. Nilisimama anione, nikainua mikono.

Nilikuwa sijawahi kufanya kazi ile, lakini lugha yake naijua yote, amenifundisha yeye bila kujua. Nikamwonyesha ngumi: tulia. Nikamwonyesha kidole: nusu tairi kulia. Akafuata. Tairi la mbele likagusa mwamba, likashika. Nikamwita kwa vidole viwili, taratibu, mkia ukaacha kwenda, ukasimama, ukarudi njiani. Alikuwa ananitazama mimi tu. Hakuangalia korongo, hakuangalia vile vipimo vyake vinavyowaka. Jasho lilikuwa linamtoka na alikuwa anafuata mkono wangu kama maisha yake yamo humo, na yalikuwamo.

Naandika haya kwa hasira, lakini pale nilifurahi. Nilifurahi kupita kiasi. Tulikuwa wawili tena, tumebadilishana nafasi tu. Nilijiambia kwamba sasa ameelewa, kwamba tukifika juu atasema neno moja na nitasahau yote, kura, kamba, jina la Kifaru, yote.

Pakabaki sehemu ya mwisho, imenyooka lakini kali, ambayo ukisimama umekwisha. Nilipanua mikono yote miwili: nenda, usisimame. Nikaruka pembeni. Gari likanguruma, likanipita, likanimwagia matope kuanzia kichwani. Nililiona likifika ukingoni juu. Nilimsikia akipiga kelele za furaha.

Mimi nikivuka mahali pabaya, nasimama penye ardhi ngumu ya kwanza, nafungua mlango wa abiria kwa ndani, namsubiri akwangue viatu vyake apande. Kila mara. Kwa hiyo nilisimama pale nikisikiliza injini itulie.

Haikutulia. Ilisogea, ikasogea, ikawa mbali, ikaisha.

Nyuma yetu hapakuwa na mtu. Tulikuwa wa mwisho. Nilipanda Mgongo kwa miguu, na mara nyingine kwa mikono na magoti, manyunyu yakianza upya. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope, nikakirudia. Mwanzoni nilikuwa nacheka peke yangu. Kisha sikucheka.

Niliwakuta kwenye uwanda wa juu, magari yamepangwa duara, chupa za chai zimetoka. Mume wangu alikuwa amesimama juu ya bampa lake anawasimulia. Alikuwa anatumia mikono kuwaonyesha gari lilivyolala, lilivyoshika, lilivyojiinua lenyewe. Lenyewe! "Gari hii, bwana," alikuwa anasema, "gari hii haina mfano." Kisha akaniona.

"Ulikuwa wapi? Njoo, chai inapoa."

Mfamasia aliangalia viatu vyangu, akaangalia chini. Baba Pacha, ambaye hawezi kukaa kimya, alikaa kimya. Ndipo uso wa mume wangu ukabadilika.

"Nilidhani umepanda na wenzetu," akasema.

Wenzetu gani? Wote walikuwa wametutangulia. Nilichukua chai yangu nikanywa, ilikuwa bado ya moto.

Jumatatu, 18 Mei

Ameomba msamaha. Anasema alisahau, gari lilipopanda furaha ilimpanda naye akasahau, ni jambo la sekunde tu. Namwamini. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa amenikomoa ningejua la kufanya.

Ijumaa, 22 Mei

Duka la miwani limejaa, darasa limejaa. Tunapishana mlangoni kwa adabu kubwa.

Jumamosi, 30 Mei

Jua. Msimu umekwisha, kundi limeagana mpaka mvua ijayo.

Asubuhi nilimkuta uani amefungua mlango wa nyuma wa gari langu. Alikuwa anarudisha vitu: beleshi, kamba, jeki, redio, kila kimoja amekiosha na kukifuta. Alikuwa amevaa ile suruali ya zamani, ameshaikunja.

"Leo twende na lako," akasema. "Wawili tu. Mimi nitatembea."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu Machi. Niliwasha gari.

Tulikwenda hadi kwenye mtaro unaokata njia. Maji yamepungua lakini mifereji imekauka vibaya, imekuwa mirefu na migumu, mahali pa kuvunja chasisi. Akashuka bila kuambiwa. Akageuka, akatembea kinyumenyume, akainua mikono. Alikuwa mzuri vile vile, mtulivu, ananitazama mimi tu. Kidole kimoja: nusu tairi kulia.

Nilijaribu kumtazama, Mungu anajua nilijaribu. Lakini macho yalikuwa yanampita, yanashuka chini yenyewe, yanatafuta ukingo wa mfereji, yanapima tuta kama yalivyozoea msimu mzima. Niliweka tairi la kushoto juu ya tuta, la kulia ukingoni, nikapumua, nikaliachia gari liende. Halikugusa popote. Lilipita kama halijaona mtaro.

Yeye alirusha ngumi hewani, akapiga kelele kuliko siku ile ya Mgongo. Nilisimama penye ardhi ngumu ya kwanza, nikafungua mlango wa abiria kwa ndani. Akakwangua viatu, akapanda, akafunga mkanda, anahema, anacheka.

"Umeona?" akasema. "Bado tunaweza!"

Nikamwambia ndiyo, tunaweza. Sikumwambia kwamba mkono wake sikuufuata hata mara moja.